Kiti Kwenye Lango la Tembo

Jumatatu, 1 Septemba

We Chungulia! Ndiyo, wewe. Nyumba hii ya La Rochelle, Johannesburg, ina vyumba vinne na familia nne, na hakuna kitu kisichosomwa na mtu, basi nimeamua kukupa jina mapema tusije tukagombana. Karibu, Chungulia. Kaa hapo. Usimwage chai.

Habari ya leo: nimepata kazi! Kazi ya brashi, siyo ya kufagia nywele kwenye saluni ya Mama! Anko Naseeb, mwenye duka la kadi pale Fordsburg, anataka picha za makasri ya zamani ya India kwa rangi za maji. Atazichapa kwenye kadi za Diwali. Mwenyewe ni Mwislamu, lakini anasema sikukuu ni sikukuu, na bahasha haiulizi dini.

Unajua alinipataje? Nilikuwa nimepanga picha zangu chini, kando ya ukuta wa duka lake. Mama akaja kunigombeza, kwa sauti, unamjua Mama Léocadie akianza. Anko Naseeb akatoka mbio. Kumbe mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili anacho kuliko mimi! Akasema, "Mama, mwache binti. Huo mnara wake mbona mzuri."

Lilikuwa tangi la maji. Sikumwambia.

Mimi sijasoma shule yoyote ya sanaa. Nimesoma kwenye simu, kwa intaneti ya bure ya maktaba. India sijafika. Hata Durban sijafika. Lakini nitachora!

Upepo leo ni wa kijinga. Vumbi limeingia mpaka kwenye maji ya brashi.

Alhamisi, 4 Septemba

Chloé amechukua brashi yangu ya manyoya laini kupaka rangi ya kucha. Ndugu wa damu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemaliza Kasri la Upepo, lile la Jaipur, rangi ya waridi, madirisha juu ya madirisha mpaka macho yanavuka mipaka. Ati lilijengwa hivyo ili wanawake wa mfalme watazame barabarani bila wenyewe kuonekana. Kina Chungulia wa zamani. Nimekuwekea dirisha lako, la juu kabisa kushoto.

Ngoja nikufundishe kitu. Rangi za maji hazina nyeupe. Zipo nyeupe za kununua, lakini huo ni udanganyifu. Weupe wote unaouona kwenye picha ni karatasi yenyewe, pale mchoraji alipoacha kupaka. Unaanza kwa kujua utaacha wapi. Ukishapita juu yake kwa rangi, basi, imekula kwako.

Papa alirudi kazini nikiwa bado nakausha. Papa ni Gustave, lakini kanisani wote wanamwita Mwalimu kwa sababu kwetu Uvira, Kongo, alikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa Johannesburg anafundisha geti. Yaani ni sekyuriti kwenye esteti moja Midrand, mtaa wa matajiri uliozungushiwa ukuta, na shifti nzima anasimama. Wenzake wanategea, wanaegemea, wanajibanza. Yeye hapana. "Darasani sikuwahi kukaa," anasemaga, "nikakae getini?" Akifika nyumbani Mama anamwekea miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Soksi zikivuliwa, alama zake zinabaki kwenye ngozi kama mipaka kwenye ramani.

Aliangalia Kasri la Upepo muda mrefu, miguu ndani ya beseni.

"Sasa hayo madirisha yote anayasafisha nani?"

"Papa!"

"Nauliza tu. Na mlangoni nani yuko? Jumba kama hilo, mama yangu, halikosi mtu mlangoni. Wachoraji ndio wanamsahau."

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Lile neno liliniingia.

Jumanne, 9 Septemba

Kasri la ziwani. Ziwa limekataa. Nimechana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechana tena. Usiniulize.

Jumamosi, 13 Septemba

Chungulia, leo nimechora picha nzuri kuliko zote za maisha yangu, na siyo majivuno, ni ukweli!

Ni kasri la mji unaoitwa Bundi. Liko juu mlimani, na langoni kuna tembo wawili wa mawe wamekutana mikonga yao juu, kama wanasalimiana. Nilipaka mlima, nikapaka kuta, rangi ya asali iliyoungua kidogo. Nikafika langoni na brashi ikasimama yenyewe. Nikakumbuka: halikosi mtu mlangoni.

Basi nikamweka Papa.

Ni mdogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Lakini ni yeye, bega la kushoto limeshuka, kofia iko kwenye goti, termosi chini. Sare nimeipaka kwa ile bluu kali inayoshika karatasi moja kwa moja, hata ukisugua na sponji haitoki. Na nimemkalisha! Nimemwekea kile kiti cheupe cha plastiki ambacho kila mtu anacho. Kiti sikukipaka chochote. Ni karatasi tupu. Nimekizunguka tu kwa kivuli, kikajitokeza chenyewe.

Nilitaka hivi: angalau kwenye kasri moja hapa duniani, baba yangu akae.

Jumatano, 17 Septemba

Anko Naseeb alipoona picha alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Huyu nani?"

"Baba yangu."

"Anafanya nini Bundi?"

"Anapumzika."

Akacheka mpaka akakohoa, akaita wafanyakazi wote waje waone. Amechapa kadi chache za mfano nizionyeshe nyumbani. Nimeruka kutoka Fordsburg mpaka kwenye stendi ya taksi, kweli, nimeruka, mtu mmoja kwenye robot, taa za barabarani, akanipigia honi akasema sharp, sista!

Papa yuko shifti ya usiku wiki hii, tunapishana tu. Nitamwonyesha Jumapili.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani kadi zimeenda kama mkate! Mama Emérite, yule Mrundi mwenye sauti ya kengele, alininyang'anya moja kabla sijasema ndiyo. "Ehe, sha! Mwalimu huyu hapa! Mwalimu ameajiriwa na mfalme!" Akaipiga picha, akaiweka kwenye simu yake watu wote waione.

Papa alishika yake, akaiangalia. Akasema, "Tembo umewapata vizuri."

"Na wewe?"

"Na mimi umenipata," akasema, akaiweka kwenye Biblia.

Nilijua amefurahi. Papa furaha yake haina kelele.

Jumatano, 24 Septemba

Sikukuu ya taifa. Mtaa mzima moshi wa nyama. Sisi dagaa.

Jumatatu, 29 Septemba

NINA HASIRA. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa na kalamu imetoboa karatasi, angalia mwenyewe upande wa pili.

Kadi zimetoka. Maboksi kwa maboksi, utepe wa dhahabu, bahasha nyekundu. Nilifungua la Bundi kwa meno. Mlima upo. Kuta zipo. Tembo wapo. Langoni hakuna mtu.

Hakuna! Papa hayupo, kofia haipo, termosi haipo. Na pale penye kiti, pale nilipoacha karatasi yangu tupu, kompyuta imepaka jiwe. Jiwe la uongo. Limefanana na mengine kabisa, kama vile hajawahi kukaa mtu pale.

"Anko, yuko wapi?"

"Nani?"

"Usiniulize nani! Mtu wangu. Langoni."

Akavua miwani akaifuta na shati. "Binti, hii kadi ya sherehe. Lango likiwa wazi, mgeni anajisikia amekaribishwa."

"Siku ile ulicheka! Uliita watu wote!"

"Nilicheka, ndiyo."

"Halafu ukaamua nini? Kwamba kasri zuri likiwa na mtu mweusi amekaa mlangoni linachafuka?"

Chungulia, duka lilikuwa limejaa. Bibi mmoja mwenye sari ya kijani alibaki ameshika utepe hewani. Sikujali. Nilisema sisi tunafaa kusimama kwenye mageti yao usiku na mchana, ila kwenye kadi zao hatufai. Nilisema yeye amekula ugali Mwanza miaka yote halafu akija huku anajifanya hatujui. Nilisema mambo mengine ambayo hapa siyaandiki kwa sababu Chloé naye anasoma.

Unajua alijibu nini? "Sema, binti. Sema yote."

Tu! Hakunikaripia, hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Nikachukua picha yangu halisi ya Bundi kutoka kwenye droo yake, nikaibana kifuani, nikatoka, na mlango wake una ile kengele ndogo ya furaha, ting-ting, kengele ya kishenzi.

Jumanne, 30 Septemba

Bado.

Ijumaa, 3 Oktoba

Anko Naseeb amepiga simu. Sikupokea. Akapiga kwa Mama. Mama akaenda kuongelea nje, kwa sauti ya chini. Mama! Sauti ya chini! Kumbe anayo.

"Amesema nini huyo mnafiki?"

"Amekusalimia."

"Mwambie sisalimiki."

"Arlène," akasema Mama, "siku moja ulimi wako utakuomba likizo."

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya ibada Mama Emérite kanishika mkono. "Sha, Arlène, ile kadi yako! Égide wangu aliicheka mpaka machozi. Wamebandika picha kwenye simu za kazini, wote, mpaka mabosi. Ati leo Mwalimu naye kaonja kiti!"

Égide ni mume wake, kampuni moja na Papa. Nikasema asante. Nikafikiria, unaona? Watu wote wanampenda langoni isipokuwa huyo muuza bahasha.

Papa alikuwa nyuma yetu. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka, anatembea peke yake kuelekea barabarani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza. Radi za mji huu hazina adabu, zinaanza kukupiga kabla ya kukusalimia. Paa linavuja juu ya meza yangu, hapo hapo, penye rangi, kama limetumwa.

Sijachora tangu siku ile.

Jumatatu, 20 Oktoba

Diwali. Fataki zimesikika mpaka huku. Kila moja ikipasuka nafikiria mtu anafungua bahasha nyekundu, anaona lango langu, hakuna mtu, na anasema, loh, pazuri.

Papa yuko shifti.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nitaandika sana. Ukichoka, lala.

Niliamua asubuhi kwamba imetosha. Nilifikiria hivi: nitaenda Midrand, nimchukue Papa akitoka shifti, tupitilize wawili mpaka Fordsburg, asimame mbele ya Anko Naseeb na lile bega lake, nimwambie, haya, huyu hapa, mfute tena nione. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nilikuwa nayasema kwa sauti njiani, mtu wa pembeni akahama kiti.

Esteti yenyewe hujaiona. Geti lake ni kubwa kuliko kanisa letu. Nguzo za saruji zimepakwa zifanane na marumaru, na juu kuna simba wawili wa plasta. Simba! Na katikati yao, amenyooka kama penseli, Papa. Magari yanapita, anainua mkono, kizuizi kinapanda. Dereva hata hageuzi shingo.

"Arlène mama? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuchukua."

Kabla hajajibu mbingu ikapasuka. Mvua ya mawe, Chungulia, mawe kama mayai ya njiwa, yanaruka kwenye lami kama mahindi kwenye sufuria. Akanivuta kwenye kibanda chake. Mle ndani wawili hatugeuki. Kuna birika, kuna simu ya ukutani, na kuna kiti kimoja cheupe cha plastiki. Juu ya kiti amekaa nani? Daftari la wageni. Papa amelikalisha daftari.

Na ukutani kuna kadi. Imetolewa kwenye bahasha yake nyekundu, imebandikwa vizuri kwa gundi ya karatasi kwenye pembe zote. Bundi yangu. Lango tupu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mama mmoja wa nyumba za juu alitugawia, Diwali, na peremende." Uso wake uliwaka. "Nikamwambia, madame, hii kachora binti yangu. Hakuamini! Nikamwambia angalia nyuma, jina hilo, Arlène, ni damu yangu. Kila anayekuja namwonyesha. Hata mtu wa umeme."

"Papa, wamekufuta!"

"Naona."

"Unaona na umeibandika?"

Akarekebisha kofia. Mawe yalikuwa yanapiga bati, ilibidi nipige kelele, na mimi kelele siombwi. Nikamwambia mpango wangu wote, Fordsburg, Naseeb, haya mfute tena. Akasikiliza mpaka mwisho, kama mwanafunzi wake amekosea lakini anamwacha amalize.

"Yule mzee muache," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba."

"Ulimwomba nini?"

"Anitoe."

Chungulia, sijui kama umewahi kushuka ngazi gizani ukidhani bado kuna ngazi moja, na haipo. Hivyo.

"Juu ya nini?" nikauliza. "Juu ya nini, Papa? Ni wewe ulisema! Halikosi mtu mlangoni, wachoraji ndio wanamsahau! Mimi sikukusahau!"

"Ulinikalisha."

"Nini?"

"Ulinikalisha, mama." Alikuwa amesimama, kofia inagusa dari. "Hapa kukaa ni kosa. Ukikutwa umekaa ni onyo. Ukikutwa tena unaenda nyumbani. Wenzangu wote wamekutwa. Mimi sijawahi. Tangu nije mji huu nilichobaki nacho ni hicho tu, Gustave hakai. Diploma yangu hapa hawaitaki, Kifaransa changu hawakitaki. Ila inspekta akileta wapya anawaleta kwangu, anawaambia mwangalieni huyu mzee. Sasa Égide na wenzake wanazungusha picha. Wiki ile ile ya kanisani inspekta akaja nayo kwenye simu yake. Akaniuliza mbele ya vijana, Mwalimu, kumbe tukiondoka ndivyo unavyofanya?"

"Ni picha! Ni India! Kuna tembo!"

"Nilimwambia. Akacheka. Wote wakacheka." Akapangusa ukungu kwenye kioo na kiganja, akaangalia nje kama kuna gari, hakukuwa na gari. "Binti yako akikuchora umekaa, wao wanasema binti anamjua babake."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia nilimchora amekaa kwa sababu miguu yake mimi naiona! Mimi ndiye ninayemwaga lile beseni! Nikamwambia anajivunia nini, kwamba wamemkataza kiti na yeye kakubali mpaka amekifanya daftari lipumzike? Wamekuibia kukaa, Papa, halafu unawapigia saluti! Nikamwambia nimemtukana mtu mzima mbele ya wateja wake kwa ajili yako, na wewe ulijua, ukanywa chai yako kimya!

"Punguza sauti, nipo kazini."

"Kaa basi! Mvua ya mawe, hakuna inspekta, hakuna gari. Kaa hata mara moja nione!"

Nililichukua lile daftari, nikaliweka sakafuni. Kiti kikabaki kitupu katikati yetu.

Papa alikiangalia. Nakwambia alikiangalia jinsi Chloé anavyoangalia keki za watu. Halafu akainama, akaokota daftari, akalipangusa, akalirudisha kwenye kiti.

"Mvua imepungua," akasema. "Nenda uwahi taksi."

Nilirudi nimelowa mpaka kwenye mifupa. Sikulia. Ilikuwa mvua.

Jumapili, 26 Oktoba

Hatusemeshani. Chloé anatuangalia kama anatazama mpira wa tenisi. "Haibo," anasema, mshangao wake wa Kizulu. Kila dakika, haibo.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeenda Fordsburg. Kengele ya ting-ting. Anko Naseeb alikuwa anapanga kadi za harusi. Hakusema "umekuja eeh", hakununa. Akavuta kiti akanipa.

Sikukaa. Hata mimi! Nimejisikia nikisimama pale nikasema moyoni, balaa, ni ya kurithi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba nisikwambie." Akamimina chai vikombe viwili. "Alikuja na sare yake, moja kwa moja kutoka kazini. Nikampa kiti hicho hicho. Akasema, bwana, nisamehe, nimekuja kwa sababu ya kiti. Alisimama pale pale uliposimama. Hakukusema vibaya hata neno moja. Alisema, mwanangu ana mkono, mimi sina shida na mkono wake."

"Nilikutukana."

"Ulinitukana vizuri sana. Yule bibi wa sari ya kijani mpaka leo anakuulizia." Akanisogezea kikombe. "Mimi nina mabinti. Nikaona ni afadhali unichukie mimi, mimi ni mtu wa kadi tu. Baba ni mmoja."

Chungulia, hasira yangu yote niliyokuwa nimemwekea mtu huyu, siku zote zile, nilikuwa nimeishikilia kama mzigo wa mtu mwingine. Nikaomba msamaha. Haraka haraka, kama kung'oa plasta. Akasema yameisha, akapuliza chai yake.

Halafu akaleta jambo. Lile kasri la Bundi limependwa, wateja wanalitaka tena kwa kadi za mwaka mpya, kubwa zaidi. Anataka nilichore upya.

"Na langoni?" nikauliza.

"Langoni ni kwako. Nitachapa utakacholeta. Safari hii sigusi hata nukta, na akija mtu kuniomba, nitamwambia aongee na mchoraji."

Jumapili, 2 Novemba

Nimemwambia Papa. Sikutaka, lakini safari hii nimeona nimwulize kabla. Alikuwa na miguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa yameshapoa.

"Nichore nimesimama," akasema, "au usinichore."

"Umesimama vya kutosha."

"Basi usinichore."

"Papa, watu wanaofungua hiyo kadi hawamjui inspekta wako!"

"Mimi namjua. Na Égide ananijua. Na mimi najijua." Hakupandisha sauti. Mwalimu hapandishi. "Ukitaka kunipa zawadi, mama, nipe ninayoitaka mimi. Siyo unayonipa kwa kunionea huruma."

Nikatoka nje, nikapiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Mama akanifuata akiwa na ufagio, nikajua leo ni leo, kumbe alikuja kuegemea ukuta tu.

"Tangu Uvira namwambia akae kwanza ndipo ale," akasema. "Bado anaanza kula amesimama, kama anasahihisha mitihani. Wewe ulidhani utamkalisha kwa brashi?"

"Kwa hiyo nimsimamishe tena? Hata kwenye picha? Hata kule?"

Mama akafagia maji yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Mlima umekauka vizuri. Tembo wa kushoto amecheka kidogo, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua imenyesha tangu mchana na karatasi inakauka polepole, ambayo ni nzuri kwa mawingu na mbaya kwa roho.

Kila kitu kimekaa mahali pake. Mlima, kuta, tembo wawili, ngazi. Ni nzuri kuliko ya kwanza, na najua, na hilo nalo linanikasirisha. Langoni nimeacha weupe. Karatasi tupu, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nimeuacha mpana kidogo. Unatosha mtu aliyesimama. Unatosha mtu aliyekaa. Nikiupaka rangi ya jiwe, utatosha jiwe.

Bado nina hasira, usidhani imeisha. Ina kina sasa, haina kelele. Nina hasira na watu waliofanya kiti kiwe kosa. Nina hasira na Égide na simu yake. Nina hasira na baba yangu, ambaye amekubali sheria ya watu wengine mpaka imekuwa heshima yake, na nikimvua hiyo heshima sijui nitamvisha nini. Nikimchora amesimama, nimewasaidia wale. Nikimchora amekaa, nimemwaibisha yeye, na safari hii siwezi kusema sikujua. Nikiacha wazi, nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe, kazi ambayo nilimtukania Mhindi wa watu mbele ya duka zima.

Anko Naseeb anaisubiri Jumatatu.

Papa ameingia sasa hivi kutoka kazini. Viatu vinavuja maji. Hajavua hata koti. Amekuja kusimama nyuma yangu, amesimama, bila shaka, na anaangalia ule weupe. Nasikia anavyopumua. Pembeni yangu kuna stuli ya Chloé. Nimeisukuma kwa mguu ikamgusa gotini, sijageuka. Hajakaa. Wala hajaisukuma kurudi. Ameweka mkono juu yake, uzito wote wa lile bega la kushoto uko kwenye ule mkono, naiona stuli ikilalamika.

Brashi ina ile bluu, ile isiyotoka. Tone limejaa kwenye ncha.

Chungulia, wewe uliyesoma yote haya bila kuombwa, leo lipa ada ya kuchungulia. Haraka, linadondoka. Ungemsimamisha, ungemkalisha, au ungeliacha lango wazi? Ungefanyaje, wewe?